Wapiga Kasia wa Mama Mundia

Wapiga kasia kumi waliinua makasia yao, wakatetemeka kama wagonjwa wa homa, wakayashusha. Wakainua tena, wakatetemeka tena, wakashusha tena. Juu ya paa la mashua hiyo ndogo ya mezani tembo mweusi alianza kupepea masikio. Masikio yakafika nusu ya njia, yakasita, yakarudi yalikotoka. Pembeni, kwenye bodi ndogo ya umeme iliyoweza kulala kwenye kiganja cha mkono, taa ya kijani ilizimika na kuwaka, ikazimika na kuwaka.

"Mama Mundia," alisema Mama Sibeso, fundi cherehani, "hawa watu wako wana malaria."

"Niache kidogo, mwenzangu."

"Mimi nakuacha. Lakini wao wapelekwe zahanati."

Wanawake wawili waliokuwa wakichuna waya kando ya dirisha waliangua kicheko. Mbuywana hakucheka. Ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana, na Alhamisi saa nne asubuhi kamati ya kituo cha elimu ingeingia kwa mlango ule kuamua kama chumba kile kingeendelea kuwa cha darasa lake au kingerudi kuwa stoo ya chakula cha kuku.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, na watu wa Limulunga walimwita Mama Mundia, kwa jina la kifungua mimba wake. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwenda Lusaka kwa mafunzo ya miezi miwili, akarudi na bodi ile, kompyuta mpakato iliyokwisha kuchoka, na mfuko wenye mota kumi na mbili za servo. Zilikuwa mota ndogo za buluu, kila moja kama kipande cha mwisho cha sabuni ya kufulia. Mota za kawaida huzunguka tu mpaka uzizime. Hizi ulizipa pembe, nazo ziligeuka mpaka pembe hiyo, zikasimama hapo zikisubiri neno lingine. Kamati ikampa stoo kwa mwaka mmoja. Wanawake tisa wakaja, wale wale waliokuwa wamejifunza kusoma katika kituo hicho wakiwa watu wazima, wakagundua kwamba programu nayo ni maandishi, na kwamba mtu aliyeweza kuhangaika na barua ya shemeji yake anaweza kuhangaika na hayo pia.

Lakini mwenyekiti wa kamati, Ndate Mubukwanu, ambaye watu walimwita Ndate, yaani baba, kwa heshima, hakuridhika. "Mwaka mzima nikipita dirishani kwenu nasikia nyuki tu," alisema kwenye kikao. "Vyuu, vyuu, vyuu. Wafuga kuku wanakitaka chumba chao. Nionyesheni kitu."

Na Mbuywana, kwa hasira, alisimama mbele ya watu wote akasema atamwonyesha Nalikwanda yenyewe, mashua ya mfalme, wapiga kasia wakipiga na tembo akipepea masikio, kama siku ile mfalme anapoyahama mafuriko ya Lealui kuja Limulunga. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kisa cha homa ile alikijua. Mota kumi na mbili zilipoanza kwa mpigo mmoja zilinyonya umeme wote uliopita kwenye bodi. Bodi ikazimia. Ilipozinduka ilianza kuisoma programu upya kutoka mstari wa kwanza, ikaziamuru mota zote, ikazimia tena. Alikuwa amebadilisha waya. Alikuwa amebadilisha tundu la kompyuta. Jumamosi na Jumapili zote alikuwa amekaa na mashua ile akirudia mambo yale yale, mpaka binti yake akamletea chakula na kukirudisha nyumbani kikiwa kimepoa.

Saa tisa alikubali kushindwa, akampigia simu mwalimu wake wa Lusaka.

"Aa, hilo ni dogo," alisema mwalimu. "Usizianzishe pamoja. Kila mota ipe zamu yake. Ya kwanza, ngoja kidogo, ya pili, ngoja kidogo. Watu wote wanafanya hivyo."

Mbuywana akaandika zamu. Mpiga kasia wa kwanza akainua kasia, wa pili akamfuata, wa tatu akamfuata wa pili, mpaka wa kumi, kisha sikio, kisha sikio. Taa ya kijani haikuzimika. Mwendo ulipita kutoka mbele hadi nyuma ya mashua kama upepo unavyopita juu ya majani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mbuywana akaketi, akanywa kikombe kizima cha maheu, ule uji mchachu wa mahindi, bila kukiweka chini.

Jumanne asubuhi alikuja Ndate Akapelwa, mzee aliyeichonga mashua ile na watu wake wote kwa mti wa mninga. Alikuwa amepiga kasia katika Nalikwanda ya kweli kwa misimu kumi na minne ya mafuriko, na mabega yake yalikuwa bado yanasimulia habari hizo. Wanawake wakampigia makofi ya salamu. Mbuywana akabonyeza kitufe, akarudi nyuma hatua moja kumpisha aone.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Akavua kofia.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, Ndate."

"Kwa hiyo hawa wanafanya nini?"

"Wanapiga kasia."

"Nani?"

"Hawa, Ndate. Uliwachonga mwenyewe."

"Mimi nilichonga wanaume. Hawa wanapokezana kama akina mama kisimani." Alinyoosha mkono, akamng'oa mpiga kasia wa tatu kwenye mota yake, akamlaza mezani. "Huyu amechelewa. Majini." Akamng'oa wa nne. "Huyu pia. Majini." Akamng'oa wa tano.

"Ndate, tafadhali, gundi bado mbichi!"

"Mama Mundia, unajua afanywavyo anayekosa mpigo kwenye mashua ile. Hutupwa majini, na mashua haisimami kumngoja."

"Wanachelewa kwa nusu ya nusu ya sekunde tu."

"Watatupwa kwa nusu ya nusu ya sekunde."

"Bodi haiwezi kuwaanzisha wote pamoja! Haina nguvu hiyo!"

"Bodi haikualikwa kwenye mashua," alisema mzee bila kupandisha sauti. "Walioalikwa ni wapiga kasia."

Mama Sibeso aliinamia kitambaa chake ili mtu asiuone uso wake. Mbuywana aliwatazama watu watatu waliolala mezani, kila mmoja na kofia yake nyekundu iliyopakwa rangi kwa unyoya wa kuku. Angependa sana mzee awe amekosea. Lusaka mwendo ule ungepigiwa makofi. Ndate Mubukwanu asingepiga makofi. Hapa Limulunga hata mtoto wa darasa la kwanza angeona mashua ya mfalme inayopigwa kasia kwa zamu, akacheka mpaka akaketi chini. Yeye mwenyewe alikuwa amezaliwa hapa, na jana aliitazama akanywa maheu.

"Sawa," alisema. "Tutaanza upya."

"Upya wapi?" aliuliza Mama Sibeso.

"Kwenye umeme. Naomba betri yako ya sola."

"Betri yangu? Ninayoshonea?"

"Mpaka Alhamisi."

"Sare za shule nitazishona kwa nini, kwa macho?"

"Mama Sibeso, chumba hiki kikiondoka, utakuja kunitazama nikifagia pumba za kuku."

Betri ililetwa ikiwa imebebwa kwa kanga, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Mbuywana akaifunga kwenye kipunguza volti ili isiziunguze mota, akazitoa mota zote kwenye umeme wa bodi, akaziweka kwenye umeme wa betri. Bodi ilibaki na kazi moja, ya kusema. Nguvu ingetoka kwingine. Aliandika programu upya kwa njia nyingine kabisa. Mota zote zingepewa hatua moja ndogo kwa wakati mmoja, zikapumua kidogo mno, zikapewa hatua nyingine, hadi kasia linafika majini. Alifuta mistari arobaini ya zamu. Ilimchukua mpaka saa kumi alasiri.

"Nani anabonyeza?" aliuliza Mama Sibeso.

"Mimi."

Akabonyeza.

Haikuwa homa tena. Ilikuwa vita. Mpiga kasia wa kwanza alijipinda mpaka akatazama nyuma. Wa saba alimpiga wa nane kichwani kwa kasia, mara tatu, kwa bidii. Tembo alijipiga makofi kwa masikio yake mwenyewe. Kutoka tumboni mwa mashua ulisikika mlio kama wa mtu anayetafuna mahindi makavu.

"Zima! Zima!"

"Nazima!"

"Hujazima!"

Mbuywana akang'oa waya wa betri kwa mkono mzima. Chumba kikanyamaza. Palikuwa na harufu ya plastiki iliyopata moto. Alizitoa mota moja moja, akazigeuza kwa vidole akisikiliza. Kumi zilikuwa nzima. Mbili, zile za masikio, ziligeuka bila kushika kitu, kwa maana meno yake ya ndani yalikuwa yameisha.

"Zitapatikana nyingine mjini Mongu?" aliuliza mmoja wa wanawake.

"Lusaka," alisema Mbuywana. "Basi la kesho, na kurudi Ijumaa."

Mbuywana akainama juu ya meza.

Akaufuata kila waya kwa kidole. Nyekundu ya betri ilikuwa imefika ilikotakiwa. Nyeusi ya betri pia. Nyeusi ya bodi ilikuwa inaning'inia kando ya meza, haijagusa kitu. Hasi ya betri na hasi ya bodi hazikuwa zimeunganishwa. Bodi ilisema pembe kwa kipimo chake, mota zikasikia kwa kipimo cha betri, kama mafundi wawili wanaoshona gauni moja na kila mmoja ana futi yake. Kosa hilo alikuwa amelifundisha mwezi wa pili. Lilikuwa ukutani, nyuma ya kalenda ya zamani, kwa mwandiko wake mwenyewe wenye herufi kubwa: HASI ZOTE ZIKUTANE KWANZA. Aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akatamani kuichana.

"Mwalimu," alisema Mama Sibeso polepole. "Hilo si ndilo ulilonifokea mimi?"

"Ndilo."

"Nilifokewa wiki nzima."

"Mama Sibeso."

"Nimenyamaza."

Jumatano hasi zilikutana. Mbuywana alipobonyeza, makasia kumi yaliinuka pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu ahadi ile ya kikao alihisi kifua kinafunguka. Kisha makasia yakashuka, na Ndate Akapelwa, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaanza kutikisika mabega.

"Nini tena, Ndate?"

"Upande wa kulia unampeleka mfalme Limulunga."

"Na wa kushoto?"

"Unamrudisha Lealui."

"Kwenye mafuriko!" alipiga kelele Mama Sibeso. "Maskini mfalme! Atazunguka hapo hapo mpaka maji yakauke!"

Hata Mbuywana alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mota za kushoto zilikuwa zimefungwa zikitazamana na za kulia, kwa hiyo pembe ile ile iliyosukuma maji nyuma upande huu iliyasukuma mbele upande ule. Akazigeuzia hesabu. Ndipo ikaonekana kwamba hakuna mota mbili zilizokubaliana digrii tisini ni wapi. Wa pili alikuwa ameinama mno, wa sita alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri chai. Kila mmoja alitafutiwa mwanzo wake: themanini na saba, tisini na nne, tisini na moja, themanini na tano. Mzee aligonga meza kwa kijiti kama ngoma, akiwa amefumba macho, na kila aliposikia kasia moja limegusa kitambaa kilichotandikwa mezani kuwa maji peke yake aliinua kidole.

"Kuna mmoja."

"Yupi?"

"Nyuma, kushoto."

"Ndate, umefumba macho!"

"Huyo huyo."

Naye alikuwa huyo huyo. Mbuywana alirekebisha digrii moja, akabonyeza, akasubiri kidole. Kidole kikainuka. Akarekebisha nyingine. Mgongo ulimuuma, herufi za kompyuta zilianza kupandana, na kila mara wale wanaume wa mti walipokaribia kuwa mtu mmoja, mmoja wao alijitenga kwa unywele. Ilipofika saa kumi na moja kasoro alibonyeza, akasubiri, na kidole hakikuinuka. Mzee aliendelea kugonga. Makasia yaliendelea kushuka. Mlio ulikuwa mmoja.

"Hao sasa watafika," alisema Ndate Akapelwa, akavaa kofia.

Mbuywana hakufurahi. Alikuwa anamtazama tembo juu ya paa, masikio yakiwa yamelegea kama nguo kwenye kamba. Mashua ile bila masikio ya tembo kupepea, nani angeikubali? Akiwang'oa wapiga kasia wawili apate mota zao, pengo lingeonekana kutoka mlangoni.

"Masikio yanakusumbua nini?" aliuliza mzee. "Kwenye mashua yenyewe hupepewa na watu. Wako ndani, wanavuta kamba."

"Mimi naingia ndani," alisema Mama Sibeso mara moja.

"Ndani wapi, na mwili huo?"

"Chini ya meza. Toboa tundu, nipe uzi."

"Hapana. Hili ni darasa la mota. Uzi? Mwaka mzima wa kazi, kisha nimwonyeshe mwenyekiti uzi?"

"Mwonyeshe tembo aliyekufa basi."

Mbuywana alichukua keekee ya mkono, akatoboa tundu mezani, akijiambia kwa kila mzunguko kwamba huu ni upuuzi. "Lakini mwenyekiti simfichi," alisema. "Akiuliza, nasema."

"Sema tu. Mimi nina aibu gani?"

Alhamisi saa nne kamati iliingia, watu watano, na Ndate Mubukwanu mbele yao akiwa na ufunguo wa akiba wa chumba mkononi, kana kwamba amekuja nao tayari kwa wafuga kuku. Nyuma yake aliingia Ndate Akapelwa, akasimama ukutani. Wanawake wakapiga magoti na makofi ya salamu. Mbuywana alikuwa ameandaa maneno ya kueleza bodi, betri, hasi, pembe. Mwenyekiti akainua mkono.

"Nimekuja kuona, mama. Maneno nimeyasikia mwaka mzima."

Mbuywana akabonyeza.

Makasia kumi yaliinuka. Yalishuka. Yalivuta. Yaliinuka. Hapakuwa na wa kwanza wala wa mwisho, na kitambaa cha maji kilipigwa kwa sauti moja, tena na tena. Mbuywana alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti hakuwa anatazama makasia.

"Masikio!" alipaza sauti Ndate Mubukwanu. "Jamani, tazameni masikio!"

Tembo alikuwa anapepea, taratibu, kwa maringo, sikio moja likitangulia kidogo kama mnyama aliye hai anayefukuza nzi. Wajumbe walisogea. Mmoja aliguna kwa mshangao, mwingine akapiga kofi la heshima bila kujijua.

"Hii ni mota ya namna gani, mama? Mbona laini hivi?"

"Masikio hayana mota, Ndate. Mota zake ziliharibika Jumanne kwa kosa langu. Yanavutwa kwa uzi."

"Na nani?"

Mbuywana aliinua kitambaa cha meza. Mama Sibeso alikuwa ameketi chini humo, sketi yake pana imejaa kila upande kama unga uliomwagika, nyuzi mbili mikononi, jasho usoni.

"Karibu, mwenyekiti," alisema. "Tumboni mwa tembo kuna joto."

Ndate Mubukwanu alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka mpaka machozi. Kisha mzee mzima, mwenyekiti wa kamati, alipiga magoti sakafuni, akaomba uzi mmoja, akavuta sikio la kushoto mwenyewe, akitoa kichwa nje mara kwa mara kuuliza, "Linakwenda? Linakwenda?" Wajumbe walipokezana. Mmoja alisimulia habari za mjomba wake aliyekuwa mvuta masikio, mwingine akambishia. Muda wote huo, juu ya vichwa vyao, wanaume kumi wa mti walipiga kasia bila kukosa hata mpigo mmoja, na hapakuwa na mtu aliyewatazama isipokuwa Mbuywana na Ndate Akapelwa.

Hatimaye mwenyekiti alisimama, akajipangusa magoti, akauweka ule ufunguo kwenye kiganja cha Mbuywana na kumkunjia vidole.

"Chumba ni chenu. Kuku watafute pengine. Masikio yale, mama! Masikio yale!"

Vigelegele vilipanda. Mbuywana aliubana ufunguo. Alijua anapaswa kushukuru, na alishukuru, kwa magoti na kwa makofi. Lakini kamati ilipofika mlangoni maneno yalimtoka.

"Ndate. Hujawatazama wapiga kasia."

Mwenyekiti aligeuka. "Nimewaona."

"Umewaonaje?"

Aliwatazama tena kwa adabu, kichwa akikiinamisha upande huu na upande ule, kama mtu aliyeulizwa kuhusu hewa.

"Wanapiga kasia," alisema. "Wana nini? Wangekosea ningewaona."

Akatoka. Viatu vyake vilisikika kwenye changarawe, na sauti yake akimsimulia mtu aliyempita njiani habari za mama mmoja chini ya meza.

Mbuywana alisimama mbele ya mashua, ufunguo mkononi. Chaa, chaa, chaa, ndivyo makasia yalivyosema, yote pamoja.

"Mama Mundia," ilisikika sauti kutoka chini ya kitambaa, "amesema nina mkono laini. Umesikia? Laini."

"Toka humo."

"Mwenyekiti mwenyewe."

"Nimesikia. Toka, uchukue betri yako."